Rutashobya na Mwenge wa Michezo

Kashaija, mdogo wangu, ameniambia asubuhi hii, "Dada, sema alizaliwa, akafanya kazi, akafa, ya moto yaache," nami nimemjibu kusoma sijui, karatasi ya kunifunga sina, nitasema yote, maana ameagiza kaburi lichimbwe kule mwisho wa kibanja, migomba inapoishia, mbali na Ta, baba yetu, na sababu ni huo moto.

Kaka yetu Datius Rutashobya alizaliwa hapa Muleba tarehe 4 Machi 1915, ndivyo padre alivyoandika, akasoma Rubya mpaka darasa la nne, akafanya kazi ya barabara, akamwoa Felicitas tarehe 7 Mei 1938, wakapata Jovita na Aroni, akaenda vitani Burma, akarudi mzima mwaka 1946, na kwa mbio hakuna aliyemshinda.

Mwaka 1949 gari la sinema la serikali lilituonyesha michezo ya dunia kule London, watu wanapokezana mwenge kutoka Ugiriki, nchi hata nchi, basi Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, akataka na michezo ya Bukoba, walikoalikwa wageni wa Uganda, iwe na mwenge, Rutashobya akachaguliwa kuutoa Muleba. Kiberiti alikikataa, akasema mwenge huwashwa kwa moto wenye kwao, akataka wa jikoni kwetu, na Ta alikuwa kitandani, na kwetu nyumba yenye mgonjwa moto hautoki.

Tarehe 20 Agosti mwenge ulifika Bukoba unawaka, wakampigia vigelegele, siku ya tatu Ta akafa. Mkasema kaka amebeba uhai wa baba akaenda kuchezea. Felicitas akaondoka na watoto, yeye akapanga chumba Rwamishenye, miaka kumi akala peke yake, Krismasi zote, nikimpelekea ndizi anapokea mlangoni, haniambii ingia.

Januari alishikwa na kifua, akafa hospitali ya Rubya Jumanne, tarehe 9 Juni 1959. Tunawashukuru madaktari, na wenzake wa barabara waliombeba, na jirani zake Mustapha na Zabibu waliompikia uji, huku sisi ndugu zake tupo.

Sasa sikieni. Rutashobya jikoni hakuingia, alisimama uani, kaa la moto nililitoa mimi, kwa mkono huu. Ta alipokufa kaka aliniambia, "Nyamaza. Wakikufukuza wewe, nani atamtunza mama?" Mama tulimzika Pasaka ya mwaka jana, na bado nilinyamaza.

Kashaija, waambie wachimbaji wahamie pale kwa Ta. Kaka, lala karibu na baba yako, hukumkosea. Nanyi mnaorudi mjini, Felicitas yuko Bilele, hakuja, atakayepita mlangoni kwake leo amwambie ni mimi.