Mtu wa Namba Kumi na Sita

Sikilizeni, wanangu, na wewe Odile acha kunirekebishia mto, nipo sawa hivi. Kuna mtu mmoja nimemtafuta kwa miaka sita bila kumpata, na nitakufa bila kumjua. Alikaa kwenye kiti hicho alichokalia Mattin sasa hivi, akanywa vikombe viwili vya kahawa yangu, akamsifu baba yenu, akaondoka. Nimewauliza watu wote wa Buffalo, kule kwetu Wyoming, ninaowafahamu ambao bado wako hai, nao si wengi tena, na hakuna hata mmoja anayeijua sura ile. Sijui alikuwa nani. Ninachojua ni kitu alichoondoka nacho, na hicho ndicho nilichowaitia.

Mnakumbuka nilivyohamia hapa Greeley kwa Odile mwaka ule aliofariki baba yenu Erramun. Nilileta vyombo vyangu, na mablanketi, na ndani ya mablanketi bunduki mbili za baba yenu na bastola moja. Odile ulisema bunduki zifungiwe kabatini, lakini bastola huitaki kwenye nyumba yenye watoto, na ulikuwa na haki. Ukaniambia, "Mama, hapa ni Colorado. Ukitaka kuiuza mnakwenda wote wawili kwenye duka lenye leseni, mnunuzi anajaza fomu, anachunguzwa, mnasubiri jibu." Nikakujibu kwamba mambo hayo ni ya watu wasiofahamiana. Kwetu baba yenu aliuza na kununua mezani jikoni, wakapeana mikono, wakala. Sikuwa nabisha. Moyoni nilikuwa bado mtu wa Wyoming, hata leseni yangu ya udereva ilikuwa ya huko, na nilidhani sheria ya mahali inakaa pale moyo wa mtu ulipo.

Nikabandika tangazo kwenye duka la chakula cha mifugo. Siku ya tatu akaja mtu na pikapu nyeupe, Odile ukiwa kazini. Mimi kabla sijamtazama usoni nilitazama namba ya gari. Ilianza na kumi na sita. Ninyi mmezaliwa huko, hamhitaji kuambiwa. Huku hawajui kwamba gari la Wyoming linataja kaunti yake kabla ya kitu kingine chochote. Kumi na sita ni sisi. Nilikuwa na miezi saba sijaona namba ile, nikahisi kama nimeletewa barua kutoka nyumbani.

Nikamuuliza, "Wewe ni wa Buffalo?"

"Karibu na hapo, mama."

"Basi utakuwa unamjua Erramun, yule Mbaski aliyetoka Ulaya, mwenye kondoo."

Akacheka. "Nani asiyemjua Erramun? Si yule mkali wa kucheza karata?"

Baba yenu hakuwahi kushika karata maishani mwake. Nililisikia neno lile, wanangu. Nililisikia vizuri, nikalipuuza, kwa sababu nilitaka awe wa kwetu. Sikumwomba kitambulisho. Sikumuuliza jina. Nilimpa bastola, nikamwongezea na boksi la risasi, kama muuzaji anavyompa nyongeza mteja wake, nikamsindikiza mpaka nje nikimpungia mkono.

Miaka miwili baadaye simu ililia nikiwa nachemsha maharage. Alikuwa mpelelezi, mwanamke, jina lake Kowalczyk, anaongea taratibu kama mtu aliyelelewa na bibi. Bastola imeokotwa kwenye chumba cha moteli, na kando yake mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, amekufa. Anaitwa Rochelle. Nasema anaitwa, kwa maana kwangu hajaacha kuitwa. Walifuata namba ya bastola mpaka kiwandani, kutoka kiwandani mpaka dukani, na duka likawapa jina la Erramun. Akaniuliza, "Mama, unajua bastola hii iliondokaje mikononi mwa mume wako?"

Nilijua siku, nilijua rangi ya gari, nilijua kumi na sita. Na saa ileile nikajua kwamba nilikuwa nimevunja sheria, kwa sababu mimi nilikuwa tayari mkazi wa huku na yule wa kule, na kitu kile hakikupaswa kuvuka mpaka ila kwa kupitia dukani. Niliogopa. Nikasema, "Mume wangu aliiuza zamani, sijui kwa nani." Nikamtwika marehemu, ambaye hawezi kujitetea. Mpelelezi akanishukuru, akaniachia namba yake, na njia ya kumfikia mtu yule ikafungwa pale, kwenye jiko langu. Maharage sikuyaacha yaungue. Hilo nalo huwa nalikumbuka.

Nipe maji, Odile. Kidogo tu.

Mattin, sikukuu iliyopita ulikuja na gari ukitaka bunduki ya baba yako, ile aliyofukuzia bweha. Nikakuambia haiwezi kutoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwako, maana wewe ni wa Wyoming na mimi ni wa Colorado; lazima itumwe kwenye duka la Buffalo, ukachunguzwe huko. Ukasema, "Yaani nipimwe kama mwizi kwa bunduki ya baba yangu mwenyewe?" Na Odile ukamwambia, "Kaka, ni dakika ishirini. Wewe kuchagua buti tu hukutumia saa nzima?" Mkacheka nusu, mkagombana nusu ya pili, na tangu hapo mnasalimiana kupitia kwangu. Mlidhani nimegeuka mtu wa huku. Hamkujua nilichokuwa nakiogopa, na kosa ni langu, sikuwaambia.

Mwanasheria ameniambia nikifa bunduki zinaweza kwenda kwako kwa urithi, zivuke mpaka bila duka. Ni halali. Mimi nakuomba usipite njia hiyo. Zipelekeni dukani zote mbili, jaza fomu, toa kitambulisho, kaa kwenye kiti usubiri. Ukiona aibu, mkumbuke mama yako aliyeona aibu kumuuliza mgeni jina. Kibanda cha magurudumu alicholala baba yenu milimani ni chako pia. Sahani na mashuka ni ya Odile. Msigombee kitu, hakuna cha kugombea.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni hili. Namba ya mpelelezi imo kwenye Biblia yangu. Pigeni leo. Siwaombi msubiri nizikwe, maana uongo ukiachwa mpaka kaburini anaubeba mwingine, na Erramun ameubeba vya kutosha. Nataka niseme mwenyewe... nikishindwa, mseme ninyi. Semeni pikapu nyeupe, mwezi wa Oktoba, kovu... kovu kwenye kidevu, hapa. Semeni kumi na sita. Yule binti, Rochelle, ana mama yake. Sijui kama yu hai. Muulizeni mpelelezi.

Mungu awape... awape ulimi wa kuuliza. Mattin, mshike dada yako mkono. Hivyo. Nawabariki nyote wawili... na watoto... nimechoka sasa. Pigeni.

Odile alipiga, akamwekea mama yake simu sikioni. Sauti ya mpelelezi ilisikika ikiuliza ni nani. Mama alihema mara tatu, akasema, "Hakuwa mume wangu," na baada ya hapo midomo ilicheza bila sauti. Wakakubaliana kwa macho kwamba yaliyobaki atayasema Mattin. Aliichukua simu, akatoka nayo uani ili mama asisikie maswali, akataja jina lake kamili, na anwani yake, na jina kamili la mama yake, kisha akaanza na siku ile ya Oktoba, polepole, kwa sababu upande wa pili walikuwa wanaandika.