Alden Merrithew na Kibao cha Walowezi

Marehemu Alden Merrithew alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Pettiford, Maine, mtoto wa nne wa mzee Orrin, mvuvi wa kambakoche, na Bi. Hattie. Alimaliza sekondari mwaka 1956. Dada yake Winnie anasema darasani alikuwa mkimya kupita kiasi: jibu analijua, lakini anamwacha mwingine akosee.

Novemba 1957 aliajiriwa idara ya barabara kuendesha mtambo wa kusukuma theluji. Kila alipopita kwa akina Leighton aliwasafishia njia bila kuombwa, na mama mwenye nyumba alimpa kipande cha pai. Pai zilipozidi, watu walielewa. Alimuoa binti yao Verna tarehe 20 Juni 1959.

Sasa linakuja neno ambalo familia bado haijalimeza. Februari 1961, mtambo wake uliangusha kile kibao cha barabarani kinachosema, "Robo maili nyuma ya kibao hiki waliishi na kuzikwa walowezi wa kwanza, 1626." Wakati wa kukirudisha, mahali pake palikuwa tope tupu. Alden akakisimika ng'ambo ya barabara, ambako nyuma yake hapakuwa na kaburi hata moja, akisema kiangazi atakihamisha. Hakukihamisha. Jamani, miaka thelathini na saba! Kila Julai tumebeba bendera na maua, tukavua kofia na kutokwa machozi kwenye malisho ya ng'ombe wa Otis Beal. Alden alikuja nasi, akavua yake, akanyamaza.

Verna hakujua lolote. Alhamisi tarehe 8 Oktoba, wakati wa kifungua kinywa, mumewe alisoma gazetini kwamba kiwanja cha upande ule mwingine kimeuzwa ili kichimbwe kokoto. Akaweka kijiko chini, akachukua funguo, akaacha uji ukifuka moshi. Alianguka kwenye ua wa ofisi ya machimbo kabla hajabisha hodi. Moyo. Na jana yake tu alikuwa akipasua kuni! Hadi leo Verna anatenga vikombe viwili.

Hospitalini alimshika mkewe mkono.

"Verna, wale watu wamelala upande wa pili. Mimi ndiye niliyehamisha kibao."

"Kibao gani tena, Alden? Pumzika."

"Hicho unachokipelekea maua. Watawafukua, mke wangu. Waambie."

"Niwaambie watu wa Pettiford umewafanya wajinga miaka yote hiyo?"

"Waambie hivyo hivyo."

Alifariki Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini.

Verna aliona aibu, na hasira pia, hakuficha. Mchungaji alimshauri kwa upole jambo hili lingoje mkutano wa mji. Verna akamjibu kwamba mkutano ni mwezi ujao, na mashine zinawashwa kesho Jumatano.

Marehemu ameacha mjane, Verna, mabinti wawili, Lorraine na Joyce, wajukuu watano, na dada yake Winnie.

Mjane anamwomba Bwana Lyle Hatch, mwenye machimbo, aliyeketi nasi safu ya tatu, asiguse ardhi ile. Akija kesho na mashine, atamkuta Verna amesimama pale na nguo hizi hizi za msiba.

Alden, tumewaambia. Lala sasa kwa amani.