Machibya Mayige na Nyaya za Land Rover ya Mwaka 1962

Ndugu Machibya Mayige anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika jineri yetu ya Bariadi, kiwanda cha kuchambua pamba. Aliingia Februari 1968 kubeba marobota ya pamba. Anatoka akiwa fundi umeme wa magari, na sikumbuki gari lililopita karakana yetu miaka hiyo yote bila mkono wake kugusa taa zake. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu, uchapwe katika jarida letu na kusomwa siku ya kumwaga, kwa sababu nimefanya naye kazi kuliko mwingine yeyote, nikiwa Afisa Usafirishaji hadi nilipostaafu mwaka 1996. Nimekubali kwa furaha, na kwa sababu nyingine nitakayoieleza hapa chini.

Machibya alizaliwa Mkula, akachunga ng'ombe wa baba yake, akasoma hadi darasa la nne. Umeme alifundishwa na marehemu fundi Athanasi, aliyemkuta mchana mmoja wa mapumziko amelala chali chini ya lori, akitazama nyaya kama mtu anayetazama nyota. Athanasi akamuuliza anatafuta nini. "Huu mwekundu, baba. Natafuta unakokwenda kulala." Kesho yake akahamishiwa karakana.

Waliomwona kazini wanajua kwamba nyaya alizipa majina ya ng'ombe. Kisukuma kina jina kwa kila rangi ya ng'ombe: mweusi mwenye kiuno cheupe ana lake, mwekundu mwenye madoa ana lake. Nyaya za magari ya Kiingereza nazo zina rangi na mistari yake, kwa hiyo Machibya hakuhitaji kitabu. Aliziita kwa majina, zikaja. Kwa kuwa ng'ombe wa bluu hayupo, nyaya za bluu aliziita wageni, na ndiyo maana karakana nzima hadi leo inasema taa kubwa zinalishwa na wageni.

Wengi watakumbuka pia gari la meneja lililopiga honi kila lilipokata kushoto. Mlinzi wetu Marcelo alipiga saluti getini mara nane kwa siku, hata gari likiwa na dereva peke yake. Machibya alipoitengeneza honi ile, Marcelo alilalamika kwamba mkubwa siku hizi anapita bila salamu.

Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa watu binafsi. Walikuja na pikapu mpya, wakafika vijijini kabla yetu. Sisi tulikuwa na malori mawili mabovu na Land Rover ya mwaka 1962 iliyolala nyuma ya ghala miaka kumi na mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Meneja alituambia waziwazi kwamba tusipofika vijiji vya Mwanhuzi wiki ya kwanza ya msimu, mashine zitasimama na watu watapunguzwa. Mimi niliambiwa niandae orodha ya majina.

Injini ya Land Rover ilifufuka kwa siku nne. Wayaringi ilichukua wiki tano. Panya walikuwa wamekula karibu nusu ya nyaya, na zilizobaki zilikuwa za mtindo wa kale, zimefumiwa uzi wa pamba kwa nje. Machibya alicheka alipoziona. "Pamba yetu ilikwenda Ulaya ikiwa uchi, imerudi imevaa umeme."

Nikifumba macho siku hizi, na ninayafumba mara nyingi, narudi kwenye karakana ile. Nyuzi za pamba kutoka kwenye mashine zinaelea hewani polepole, zinamtua Machibya begani, naye hazioni. Ametandika magunia sakafuni na kulaza juu yake mtandao wote wa nyaya alioutoa garini bila kuukata, ukiwa bado na umbo la gari: hapa taa za mbele, hapa dashibodi, kule mkia. Kila ncha ina kitambaa chenye alama yake. Pembeni ya kila waya mzee analaza mpya wa urefu uleule. Kila tundu la bati analivisha mpira ili waya usikwanguliwe, na kila mahali pa ethi, waya unapofungwa kwenye bodi, anapapiga msasa hadi pang'ae, kwa sababu bodi ya gari lile ni alumini, chesisi ni chuma, na vinapokutana hulana. Kisha anapita na kitaa chake cha majaribio, waya mmoja baada ya mwingine. Kinawaka, anaitikia kwa kichwa, anakwenda kwa mwingine. Mwanga wake ni mdogo kama punje ya mtama. Niliweza kusimama pale saa nzima nikasahau nilichofuata.

Katika kazi hiyo aligundua jambo ambalo mimi, mwenye cheti cha chuo cha Dar es Salaam, sikulijua. Magari yetu yote yalifungwa hasi ya betri kwenye bodi. Land Rover ile ilikuwa kinyume: chanya ndiyo ilikwenda kwenye bodi, kama magari mengi ya Kiingereza ya zamani. Machibya aliandika kwa chaki juu ya sanduku la betri: CHANYA BODINI.

Zilipobaki siku tisa msimu ufunguliwe, alifiwa na shangazi yake Mkula. Alinifuata ofisini kuomba ruhusa. "Mzee Joakim, gari limekwisha. Betri tu mniachie mimi, nitaifunga nikirudi." Nikamwambia aende kwa amani.

Asubuhi iliyofuata meneja aliuliza kama gari liko tayari, nami nilitaka kuwa mtu wa kusema ndiyo. Nilikwenda karakana peke yangu. Nikaona ile chaki, nikaona ni kosa la mtu wa darasa la nne, nikaifuta kwa leso yangu. Hata nguzo za betri zilinikatalia. Nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, na Machibya alikuwa ameshapima kila kishikizo kulingana na nguzo yake. Kimoja nilikipanua kwa bisibisi na nyundo. Kingine kilikuwa kikubwa mno, nikakikaza kwa karatasi ya bati kutoka kwenye pakiti yangu ya sigara.

Gari likawaka. Taa zikawaka zote, na kwa dakika mbili sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kosa la namna hiyo halijionyeshi mapema. Starta huzunguka, taa huwaka, na ni pale tu dainamo inapoanza kuchaji ndipo umeme wake unapopambana na wa betri. Meneja alipofika mlangoni nilikanyaga mafuta ili asikie injini. Waya mkuu, ule wa kahawia, ulikuwa mwekundu ndani ya pumzi moja. Wiki tano za Machibya ziligeuka moshi mweupe, mzuri kuutazama, ukipanda darini taratibu. Marcelo alikuja na ndoo ya mchanga. Meneja akaniuliza nani alifunga nyaya hizi. Nikajibu, "Machibya."

Sikusema neno zaidi ya hilo. Lilitosha.

Alirudi kutoka msibani akakuta barua ya onyo na taarifa kwamba hatapandishwa kuwa Fundi Mkuu. Hakubishana. Alivua shati, akatandika magunia upya, akatoa nyaya kwenye lori bovu, akafunga gari zima tena kwa siku saba mchana kutwa. Land Rover ilifika Mwanhuzi siku ya pili ya msimu na kurudi na shehena ya kwanza nyuma yake. Mashine hazikusimama. Orodha yangu ya majina ilibaki kwenye droo. Watu wengi wanaosoma jarida hili wana kazi leo kwa sababu ya siku zile saba, na wengi wao walimwita Machibya Moshi kwa miaka mitano. Nami nilisikia wakimwita, nikanyamaza.

Nilijifariji kwamba hakujua. Mwezi uliopita daktari aliniambia jambo ambalo mtu wa umri wangu hulitegemea, nikamtuma binti yangu Felisita akamwite Machibya nyumbani. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Nilimweleza yote, na kwamba nimeombwa kuandika wasifu huu, na nilichukua muda, maana pumzi yangu ni fupi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Karatasi ya sigara niliikuta kwenye kishikizo. Karakana nzima ni wewe tu uliyevuta zile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kwa nani, mzee? Wewe una cheti, mimi nina bisibisi. Na orodha ya majina ulikuwa nayo wewe."

Felisita alileta chai. Tukanywa. Nilimuuliza kama anaweza kunisamehe, akageuza kikombe mkononi kwa muda mrefu.

"Hilo nitalifikiria nikiwa Mkula. Huko nitakuwa na nafasi. Ila umesema utaandika. Basi andika, na jina lako uliweke."

Nimeliweka. Mama Klementina wa Utumishi amekuja nyumbani na jalada, nimetia sahihi maelezo yangu mbele yake, na uongozi umefuta barua ya onyo ya mwaka 1994. Katika cheti cha kustaafu atakachokabidhiwa imeandikwa Fundi Mkuu, kuanzia tarehe aliyostahili. Sitaweza kufika kwenye sherehe. Naomba atakayesoma wasifu huu asiruke sehemu ya moshi, na aisome kwa sauti inayofika nyuma. Anayetaka kucheka acheke, lakini amcheke aliyefuta chaki.

Kwa niaba ya jineri, tunamshukuru Fundi Mkuu Machibya Mayige kwa miaka thelathini na mmoja ya mikono safi katika kazi chafu. Tunamshukuru mkewe, mama yetu mayu Nyanjige, aliyevumilia kusikia mumewe akiitwa jina lisilo lake. Fundi Mkuu, tunakutakia asubuhi ndefu za Mkula zisizo na king'ora, mpunga uliosimama vizuri, na usingizi wa mchana usioamshwa na mtu. Lile unalokwenda kulifikiria, lifikirie bila haraka. Jibu lako likichelewa kunikuta, mwambie Felisita.

Joakim Shida
Afisa Usafirishaji mstaafu, Bariadi