Mama Sponji na Chaki Kwenye Kiti cha Baiskeli

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja wenu ajiangalie alipokaa. Uko kwenye kochi? Kwenye kiti cha ofisini? Au umepindua ndoo jikoni huku unamenya viazi? Jisikilize kidogo. Unaumia wapi? Kama huumii popote, basi yupo mtu aliyekuwaza kabla hujakaa. Leo tunamkumbuka mtu wa namna hiyo.

Tulimwita Mama Sponji. Alikuwa fundi wa makochi. Tena ndiye aliyeshona kaptula za baiskeli zinazovaliwa na waendesha baiskeli wengi wa mji huu wanapokwenda safari za siku nyingi. Narudia kwa mliofungulia redio sasa hivi: fundi wa makochi, mjane, mama wa binti mmoja, mshonaji wa kaptula za safari ndefu. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Karakana yake iko nyuma ya duka la rangi. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi. Sponji zimerundikwa mpaka darini, za njano, za kijivu, nyingine laini kama mkate, nyingine ngumu za kukupiga usoni zikikuangukia. Makochi ya watu yamevuliwa nguo, mbavu za mbao ziko nje, yanasubiri zamu. Na katikati ya vurugu hiyo yumo yeye, sindano kubwa iliyopinda ameibana mdomoni, na bado anaongea.

"Mama, iko siku utaimeza hiyo," wateja walimwambia.

"Nikiimeza itanishona tumbo, nipunguze kula," aliwajibu.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana ndilo linalobeba habari yote. Mama Sponji hakuruhusu kochi litoke karakanani kabla hajalikalia mwenyewe. Alikaa, akafumba macho, akayumba kushoto, akayumba kulia. Kama kuna mbao inayomchoma, analifumua upya hata kama mwenye kochi amesimama mlangoni na mkokoteni. Kama hakuna, alifumbua macho na kusema neno moja tu: "Liende."

Binti yake ni muuguzi. Baba yake alipofariki, binti huyu alinyamaza. Alikwenda kazini, akarudi, akala kidogo, akalala. Mama alijaribu maneno, akajaribu ukimya, vyote vikagonga mwamba. Kilichomtoa binti ndani ni baiskeli. Mjomba wake, mdogo wake Mama Sponji, ni fundi wa baiskeli. Alimuundia moja, akamkutanisha na kikundi cha waendesha baiskeli, na baada ya muda nyumba ile ikasikia kicheko tena. Mama aliwahi kuniambia kwamba siku ya kwanza kukisikia alisimamisha mashine ya kushonea ili asikose hata kidogo.

Kikundi kikapanga safari ya siku tano, kupanda milima na kushuka hadi upande wa pili wa ziwa. Binti alihitaji kaptula. Za madukani zilimbana huku na kumpwaya kule. Akamwendea mama yake.

"Umekuja kwa mwenyewe," mama alimwambia. "Watu kukaa vizuri ndiyo kazi yangu."

Akachagua sponji bora kuliko zote, ile ya kuwekea kiti cha baba mwenye nyumba. Nene. Akaikata, akaizungushia kitambaa cheusi cha kuvutika, akaishonea ndani ya kaptula. Binti alipoivaa alitembea kama bata. Wakacheka, wakakumbatiana. Siku ya safari ikafika, akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, mmeona kilichosahaulika? Mama Sponji hakuikalia. Angeikaliaje? Hakujua kuendesha baiskeli.

Siku ya kwanza binti alituma salamu kwamba yuko kama sebuleni. Siku ya pili jua likawaka, sponji ikalowa jasho, ikajikunja katikati. Siku ya tatu alishindwa kukaa kabisa. Akanyonga baiskeli akiwa amesimama mpaka miguu ikakataa. Alirudishwa na lori la mboga, amelala kifudifudi juu ya magunia ya kabichi. Mama alifungua geti, akaona mwanawe anashushwa kama mzigo.

"Mama," binti alisema, hata salamu hakutoa, "umenishonea kochi."

Mtanisamehe, tuko hewani na watoto wanasikiliza, kwa hiyo sitaeleza alichubuka wapi. Nyote mnapafahamu. Mama alichemsha maji, akatafuta kitambaa safi. Binti akageukia ukutani. "Acha, mama. Mimi ndiye muuguzi." Vidonda vilipona. Lakini baiskeli iliingizwa stoo, ikafunikwa na turubai, na ule ukimya wa zamani ukarudi mezani. Chakula cha jioni kilikuwa sauti za vijiko tu.

Mama Sponji aliumia kuliko binti. Alimwambia mdogo wake, yule fundi wa baiskeli: "Nimetoa kitu ambacho sikukikalia. Nifundishe kuendesha."

"Dada, kwa umri huu? Na goti lile? Unataka nini na baiskeli?"

"Nataka kuumia," alisema. "Nataka nijue mwanangu aliumia wapi."

Mdogo wake anasema alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akaenda kutafuta baiskeli yenye kiti cha chini.

Walijifunzia kwenye uwanja wa nyuma ya shule, alfajiri, kabla watu hawajajaa. Kujaa walijaa. Mwanamke mzima, mjane, ambaye wenzake wa rika lake mtaani wana wajukuu, anakwenda hatua chache na kuingia mtaroni! Watu walivunjika mbavu. Wengine walisema msiba umemchanganya. Yeye alitoka mtaroni, akakung'uta matope, akapanda tena. Binti aliambiwa kuwa mama anafuata vitambaa kwa mwenye duka la jumla. Goti lililopasuka likafichwa chini ya kanga.

Basi akajua. Kwanza kwenda sokoni na kurudi. Kisha mji wa jirani. Kisha siku nzima, mdogo wake akimfuata nyuma na chupa za maji. Na alivaa nini? Kaptula ile ile nene, amejishonea pacha yake. Akaumia. Aliumia sawasawa. Mdogo wake anasimulia kwamba siku ya kwanza ya safari ndefu dada yake alishuka kwenye baiskeli miguu imetanuka, machozi yanamtoka, halafu anatabasamu.

"Nimepaona!" alimwambia. "Nimepaona panapouma!"

Alichofanya baadaye hunishangaza mimi hadi leo, na sidhani kama nitakoma kushangaa. Alichukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaisaga, akaipaka juu ya kiti cha baiskeli. Akapanda na kaptula nyeusi, akaenda mwendo mrefu, akarudi, akajitazama kwenye kioo. Chaki ilikuwa imemwonyesha mahali mwili unapokaa. Alitarajia doa kubwa. Akakuta alama mbili ndogo, moja kila upande.

"Mtu hukalia mifupa miwili tu," alipenda kusema. "Vingine vyote ni abiria."

Hapo fundi wa makochi akaliona kosa lake. Kochi unalikalia umetulia. Baiskeli unaikalia huku mapaja yanafanya kazi kutwa. Sponji nene na laini inaizamisha ile mifupa, halafu inawabana abiria. Akatupa sponji nene. Akachukua nyembamba, ngumu kiasi, akaiweka pale pale chaki ilipogusa. Mishono yote aliihamisha mbali na katikati. Miguu ya kaptula akairefusha ili mapaja yasisuguane.

Akagundua na jambo la pili, na hili lilimpa kazi kulisema. Binti yake, aliyelelewa kwa adabu, alikuwa amevaa nguo ya ndani chini ya kaptula. Mama naye alifanya vivyo hivyo. Na mshono wa ile nguo ya ndani ndio uliokata kama uzi wa nailoni. Kaptula ya baiskeli, wasikilizaji, inavaliwa yenyewe. Ndani hakuna kitu. Sasa mama anamwambiaje mwanawe?

Binti ananiambia siku hiyo alikuwa zamu, wodi ya juu, anafungua dirisha. Hospitali iko juu ya kilima, na barabara yake hata magari huipanda kwa kugugumia. Akaona mwanamke ananyonga baiskeli, anapanda taratibu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nilijisemea, huyu kichwa chake ni kama cha mama," binti anasema. "Halafu nikasema, kwa nini kichwa cha mama kiko juu ya baiskeli?"

Aliteremka ngazi mbio. Alimkuta mama yake mbele ya foleni ya wagonjwa wa nje, ameegemeza baiskeli, anahema. Mama hakumsalimia. Aligeuka akampa mgongo, akainama kidogo, akaonyesha alama mbili nyeupe za chaki kwenye kaptula nyeusi, mbele ya hadhara.

"Tazama, mwanangu! Hapa na hapa! Kumbe ni hapa na hapa tu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye bandeji alicheka mpaka akaombwa akae. Binti alicheka pia, kisha akaona goti la mama lenye kovu, akaona viganja vilivyotoka malengelenge, na akaelewa yale mambo ya vitambaa vya jumla. Akamkumbatia pale pale na koti lake jeupe.

"Mama, umeendesha? Wewe?"

"Nimeikalia," mama alimjibu. Kisha akamvuta sikio karibu, akamnong'oneza lile jambo la nguo ya ndani. Binti alisema, "Mama!" kwa sauti ambayo manesi wenzake wanaiigiza hadi leo.

Turubai likatolewa. Kiti cha binti kikapakwa chaki, naye akapimwa, na alama zake zikawa tofauti na za mama. Hivyo Mama Sponji akajua kwamba kaptula ya mtu ni ya mtu. Safari ya milimani iliyofuata, binti aliimaliza yote. Mama alikuwa ng'ambo ya ziwa, akimsubiri ameketi kwenye kiti cha plastiki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaumia wapi?" Binti akasema, "Miguu tu, mama." Mwanamke yule alilia kama mtoto.

Tangu hapo karakana haikupumzika. Ukitaka kaptula, ulipewa baiskeli iliyopakwa chaki, uuzunguke mtaa, urudi. Wanawake walipimwa na Mama Sponji chumba cha ndani, wanaume na mdogo wake nyuma ya pazia. Alikataa kumshonea mtu kwa maelezo ya simu. "Makalio hayaongei kwenye simu," alisema, na hilo ni neno lake, si langu. Kila mtindo mpya aliuendesha kwanza yeye mwenyewe, barabara ndefu, na goti lake lile lile.

Kisha maradhi yakamlaza. Baiskeli ikaegeshwa, mashine ikanyamaza, na Mama Sponji akafika mahali asiweze hata kujigeuza kitandani. Mnaouguza wagonjwa mnajua hofu iliyopo hapo. Mwili uliolala muda mrefu huchubuka. Binti alimgeuza kila mara, kama kazi yake ilivyomfundisha. Lakini mama alianza kukunja uso, na hakuweza kueleza vizuri.

Binti akaenda karakanani. Akachukua shuka nyeusi na chaki iliyosagwa. Akaitandika shuka juu ya godoro, akaipaka chaki, akamvisha mama gauni jeusi, akamlaza kidogo, akamwinua. Akasoma alama: begani, nyongani, visiginoni. Kisha akakaa kwenye mashine ya mama yake na kushona godoro jembamba la vipande, hapa sponji ngumu, hapa laini, mishono yote mbali na mifupa.

Walipomlaza juu yake, mkono wake ulitambaa pembeni, ukalibonyeza kwa dole gumba, kama alivyobonyeza makochi maisha yake yote. Akafumba macho. Akajaribu kuyumba kushoto, akajaribu kuyumba kulia.

"Nani kashona?"

"Mimi, mama."

"Umelilalia mwenyewe kwanza?"

"Nimelilalia, mama. Juzi na jana. Nimelala hivi hivi, bila kujigeuza."

Mama Sponji akafumbua macho.

"Basi liende," alisema.

Alifariki siku chache baadaye. Binti ndiye aliyemwosha, na anasema mwili wote ulikuwa mzima, hauna mchubuko hata mmoja.

Siku ya maziko waendesha baiskeli walisindikiza jeneza, wamevaa kaptula zake nyeusi. Walipofika makaburini na kushuka, kila mmoja alikuwa na alama mbili nyeupe nyuma. Walipaka chaki kwenye viti bila kuambiana. Waombolezaji hawakujua wacheke au walie, wakafanya yote mawili.

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti yake muuguzi, kwa mdogo wake fundi wa baiskeli, na kwa ndugu na majirani wa nyuma ya duka la rangi, redio yenu inatoa pole nyingi sana. Tunalia nanyi. Mungu ampumzishe mahali pasipo na mshono unaokata.

Nasi tuliobaki, tufikirie kidogo. Kila mmoja wetu ana kitu anachowapa wenzake wakikalie: kazi, neno, sheria ya nyumbani, kitanda cha mgonjwa. Kabla hujakitoa, kikalie kwanza. Fumba macho. Yumba kushoto, yumba kulia. Na kama kinakuchoma, fumua.