Gervasi Aliyemwandika Mkewe Namba Sita

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, jirani zetu wa dini zote, na ninyi mliotoka Gungu, Bangwe na Ujiji kuja kukaa nasi matangani, mimi ni Eliakimu Ruhaga, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu. Juzi tulipokaa kuyaandika kulikuwa na mvutano, wengine wakitaka mwaka 1997 urukwe, wakisema yaliyopita si ndwele, mpaka mjane, shemeji yetu Melania, aliposema kwa sauti ileile anayoombea chumvi kwamba usomwe wote na jina lake litajwe. Basi tutausoma.

Marehemu Gervasi Ruhaga alizaliwa tarehe 2 Machi 1949, kijijini hapa nje kidogo ya Mwandiga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Feliksi Ruhaga na mama Winfrida. Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965, hakuwa wa kwanza darasani, ila mwandiko wake mwalimu aliubandika ukutani, na sisi wadogo zake tulichapwa sana kwa sababu ya mwandiko ule.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo bandarini Kigoma, na huko ndiko alikoijua safu ya mwisho ya daftari, iitwayo Maelezo, kwamba gunia likichanika unaandika limechanika, likilowa unaandika limelowa, na mkubwa akisoma anajua la kufanya, hakuna anayeonewa. Kaka aliiamini safu ile kama wengine wanavyoiamini rozari. Hata barua yake ya posa aliiandika kwa mkono wake, na chini kabisa akaongeza, Maelezo: ng'ombe kwa sasa sina, wazee wakacheka hadi wakapunguza mahari.

Aliyeposwa ni Melania, aliyezaliwa Burundi mwaka 1958, akavuka mpaka kwa miguu pamoja na shangazi yake mwezi Mei 1972, wakati watu wakikimbia mauaji, wakapokelewa na watu wa kijiji hiki. Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu, baada ya mwaka mmoja hapakuwa na aliyekumbuka kwamba alitoka ng'ambo. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 9 Julai 1977, wakajaliwa watoto watano, Honorata mwaka 1978, Feliksi 1981, Agnesi 1985, Winfrida 1990, na Oswald, aliyezaliwa tarehe 20 Machi 1997.

Marehemu aliacha kazi ya bandari mwaka 1975 akawa karani wa kijiji, na kuanzia mwaka 1991 akawa Mtendaji, kazi aliyoifanya kwa zamu na kwa namba. Ilipokuja miche ya michikichi aliigawa kufuata mpangilio wa nyumba, kuanzia barabarani kwenda mtoni, na mimi ndugu yake wa tumbo moja niliyejenga mtoni nilipata miche iliyobaki, mitatu, miwili ikiwa imekauka. Nilinuna miezi sita. Hakubembeleza.

Mwezi Novemba 1997 ilitoka amri kwamba kila mgeni kutoka ng'ambo anayeishi vijijini aandikwe na kupelekwa kambini, na watendaji wa vijiji vingine, tuseme ukweli, waliandika wawili watatu wasiokuwa na mtu wa kuwatetea, wakafunga daftari. Kaka aliandika wote, watu kumi na wanne, akafuata nyumba kutoka barabarani, na Melania akawa namba sita. Mbele ya kila jina, katika safu ya Maelezo, aliandika mwaka mtu alioingia, nani amemwoa, ana watoto wangapi na analima wapi, kwa mwandiko ule wa ukutani, akiamini kwamba mkubwa akisoma atajua la kufanya.

Hakuna aliyesoma. Jumanne tarehe 18 Novemba lilikuja lori, majina yakaitwa, na mkuu wa msafara, alipoambiwa kwamba namba sita ni mke wa Mtendaji, akamwambia, "Mzee, futa wako tu, kalamu si unayo." Kaka akamuuliza kama anaruhusiwa kufuta wote kumi na wanne, yule bwana akasema mmoja tu, tena haraka. Marehemu alisimama na kalamu muda ambao mimi sijui kuupima, nilikuwa nimesimama karibu naye, nikatamani kuinyakua kalamu nifute mwenyewe, sikuinyakua. Aliirudisha mfukoni. Shemeji akauliza, "Mtendaji, nimo namba ngapi?" kisha akapanda lori na Oswald mgongoni, maana mtoto yule alikuwa bado ananyonya. Tangu siku hiyo hajamwita mumewe Baba Honorata, amemwita Mtendaji.

Marehemu alijiuzulu wiki iliyofuata, akaanza kuandika barua za kuwaombea wale kumi na wanne warudishwe, na kila Ijumaa alikwenda na baiskeli hadi kambini upande wa Kasulu, akilala njiani. Ofisi ya kambi ilikubali kupokea ombi moja moja, akaanza na namba moja. Tulimsihi aanze na mkewe, mama yetu alimpigia magoti, akajibu kwamba aliwapeleka kwa namba na atawarudisha kwa namba. Tarehe 20 Februari 1998, kaka akiwa bado anahangaikia namba mbili, Oswald alifariki kambini kwa kuhara, akiwa na miezi kumi na moja, akazikwa hukohuko. Ijumaa iliyofuata kaka alipeleka karatasi za namba tatu.

Shemeji alirudi tarehe 6 Oktoba 1998, kwa zamu yake. Asia, mke wa jirani yetu mzee Nuhu, alikuwa namba kumi na moja, na ilipofika zamu yake, mwaka 2000, hakuwapo tena kambini, na mpaka leo hajulikani alipo. Wengine waliobaki walirudi wote. Hatujui kama marehemu alifanya haki, tumekaa nalo miaka sita na hatujui, na yeye mwenyewe alipoulizwa alisema hajui.

Mwaka 2002 alianza kuugua figo, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu hospitalini mjini Kigoma, na muda wote huo shemeji alimwogesha, alimlisha na kumgeuza kitandani, wakizungumza mambo ya nyumba tu. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2003, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, makarani wenzake wa zamani, jirani waliopika na kuleta maji, na vijana waliochimba kaburi. Pamoja na vijana hao alichimba mzee Nuhu, ambaye ametuomba tusiseme kwamba amesamehe, kwa kuwa hajasamehe, nasi hatusemi, tunamshukuru kwa kuchimba.

Mwisho, tulimuuliza shemeji Melania tumwandikie neno gani la kumuaga mumewe, akafikiri, akasema hana neno, ila tulisome jina la mtoto, kwa sababu hakuwamo kwenye orodha yoyote na hakuna mtu aliyewahi kulisoma mbele ya watu. Jina lake ni Oswald Gervasi Ruhaga.

Kaka, pumzika, na amani uikute huko.