Pilau Kabla ya Swali

Mudathir, mtaalamu wa mazingira, alipanda bajaji Ngamiani, akakaa kando ya dereva na mfuko wa mchele miguuni, akaanza kujitapa. Jana kijiji kizima kilikubali bomba kuukuu la gesi ling'olewe na jipya lipite kwao, na hakupinga hata mmoja. Kwa ulimi wake, alisema, angemuuzia Mpemba karafuu. Kesho alikuwa na mkutano mwingine.

Njiani wakapanda wanawake wawili, wakakaa nyuma.

"Bi Shadya, bomba litapita ubavuni mwa kisima chetu, nawe ulikuwapo ukanyamaza?"

"Ningesemaje, Sabra mwanangu? Tulipakuliwa pilau kwanza, ndipo tukaulizwa nani ana neno. Nimpinge mtu na mkono wangu bado unanuka bizari yake? Mimi nimelelewa!"

"Na maji tutakunywa wapi?"

"Yule kijana angeuliza kabla ya sinia, angetutambua."

"Kwa hiyo kisima kimekwenda na pilau!"

"Usinipandishie sauti, Sabra."

Mudathir aliishusha kofia hadi kwenye nyusi. Bajaji iliposimama Mabawa, aliruka chini, akachapua mguu bila kugeuka.

"Mtaalamu!" dereva akapaza sauti. "Umesahau mchele wa mkutano wa kesho!"