Kabla Chumba cha Kuhesabia Mbegu Hakijawa Stoo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Mkuu wa Kituo. Wageni mliofika mkiongozwa na mbwa wetu, na ninyi ambao bado mnawasubiri wa kwenu:

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa maabara ya uzazi tunakupokea kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa harufu ya dawa ya kusafishia mabanda. Asubuhi tumeizidisha kwa heshima yako, na sasa hata mbwa wenyewe wanapiga chafya. Tunakushukuru kwa mashine mpya ya kupimia mbegu uliyokuja kuizindua. Tumeifuta vumbi mara kadhaa ingawa haijapata vumbi.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, zamani kituo hiki kilinunua watoto wa mbwa kutoka nje. Wengine walikua wakiogopa honi, wengine wakaona kukimbiza paka kuna maana kuliko kumvusha mtu barabara. Ndipo ikaamuliwa tuzalishe wenyewe, kwa wazazi watulivu. Jike huingia joto mara chache kwa mwaka, na akikosa mimba, mtu fulani asiyeona ataendelea kushika ukuta akienda kazini. Kwa hiyo, kabla ya kumpandikiza mbegu, ni lazima tujue shahawa ya dume ina mbegu kiasi gani.

Tulianza kwa njia ya kioo cha kuhesabia. Shahawa inachanganywa na maji ya dawa yanayozituliza mbegu, tone linawekwa chini ya kioo chembamba, linaachwa hadi mbegu zishuke chini, kisha mtu anainama kwenye hadubini na kuhesabu zilizomo ndani ya miraba iliyochorwa humo. Anahesabu upande mmoja, halafu wa pili. Pande zikipishana sana, anamwaga na kuanza upya. Ni kazi ya shingo na subira. Fundi wetu aliyeizoea tunamwita Dada Miraba.

Baadaye tukapata mashine ya kwanza. Hiyo hupitisha mwanga kwenye shahawa: mwanga ukizuiliwa sana, inasema mbegu ni nyingi. Jibu linatoka kabla hujavaa miwani. Anayeiendesha tunamwita Kaka Umeme, na kwa kweli ilitupunguzia foleni.

KILICHOTUPATA

Tulikuwa na dume aitwaye Tulia, baba wa mbwa wengi wanaofanya kazi mjini leo. Tulikuwa pia na jike aitwaye Shangazi, aliyelelewa tangu akinyonya na mtunza mabanda wetu, Baba Pacha. Shangazi alipandikizwa mbegu za Tulia, hakushika mimba. Joto lililofuata akapandikizwa tena, hakushika. Kila mara mashine ilisema Tulia yuko vizuri, tena mara ya pili ilimsifu kuliko ya kwanza. Basi lawama ikamwangukia jike. Kikao kiliamua atolewe kizazi, aondoke kwenye uzazi, nafasi yake apewe mwingine.

Baba Pacha hakubisha. Alituambia tu kwamba siku ya upasuaji angeomba ruhusa asiwepo, kwa kuwa Shangazi angemtafuta kwa macho.

Siku chache kabla ya upasuaji, Daktari wetu alikuwa akiangalia tone la Tulia kwenye hadubini, si kwa kuhesabu, bali kuona kama mbegu zinaogelea sawasawa. Alirekebisha lenzi, akaangalia tena. Kisha akamwita Dada Miraba aangalie na yeye, akamuuliza anaona nini.

"Naona uwanja umejaa vumbi, Daktari," Dada Miraba akasema. "Wachezaji siwaoni."

Daktari akaagiza kioo cha kuhesabia kilichokuwa kimefungiwa kabatini. Dada Miraba akahesabu upande wake, Daktari akahesabu wake, bila kuambiana. Majibu yao yalikaribiana, na yote mawili yalikuwa mbali kabisa na jibu la mashine. Mbegu zilikuwa chache mno. Kilichojaa mle kilikuwa chembe za usaha. Tezi dume ya Tulia ilikuwa inaugua, na ugonjwa ndio uliotia ukungu kwenye shahawa. Kadiri alivyozidi kuumwa, ndivyo mashine ilivyozidi kumsifu.

Kaka Umeme aliumia. Alisema mashine haina sababu ya kutudanganya.

"Haijadanganya," Daktari akamjibu. "Sisi tumeiuliza ukungu, nayo imejibu ukungu. Mbegu hatukuiuliza."

Mheshimiwa, tukio hili lisingesomwa mbele yako kama Kaka Umeme mwenyewe asingetaka lisomwe.

Upasuaji wa Shangazi ukafutwa. Daktari alikwenda mwenyewe mabandani kumwambia Baba Pacha, akamkuta anamchana manyoya. Baba Pacha aliendelea kuchana, akauliza kama Tulia atapona. Hakuuliza kingine.

Tulia alitibiwa kwa muda mrefu. Maumivu yaliisha, lakini mbegu hazikurudi, na mwishowe ilibidi ahasiwe ili ugonjwa usimrudie. Anaishi bandani, amenenepa. Shangazi alipandikizwa mbegu za dume mwingine, zilizopimwa kwa mashine na kuhesabiwa kwa macho. Alizaa watoto watano. Mmoja amelala sasa hivi chini ya kiti cha mwalimu wa muziki, safu ya mbele. Ndiye anayekoroma.

TUNAYOYAWAZA

Mashine mpya ni bora kuliko ya zamani. Tumeelezwa kwamba inazipaka mbegu rangi inayong'aa, na kuhesabu zenye kung'aa tu. Tunaamini hivyo, na tutaitumia kwa furaha. Lakini usaha nao una chembe hai ndani yake, ambazo huenda nazo zikashika rangi, na hatujui bado mashine hii itasemaje ikikutana na mbwa mgonjwa. Hatusemi itakosea. Tunasema hatujui.

Tumepokea pia taarifa kwamba chumba cha kuhesabia kitakuwa stoo ya maboksi ya mashine, na kwamba Dada Miraba atahamishiwa mapokezi. Mapokezi ni pazuri, kuna feni. Yeye hajalalamika. Ila tumeona ameanza kuwafundisha wenzake wawili kuhesabu wakati wa chakula cha mchana, bila kuagizwa na mtu.

MAOMBI

Tunaomba meza moja, hadubini moja, na dirisha lile la upande wa bustani vibaki vilivyo. Tunaomba kila dume ahesabiwe mbegu kwa macho pale majike wake wanapokosa mimba, kabla mtu hajamlaumu jike. Na tunaomba Dada Miraba aendelee kufundisha, kwa saa za kazi.

Mheshimiwa, mkasi na utepe viko tayari. Ukishaukata, tutapima dume mmoja kwa mashine yako, ukiwa unaangalia. Kisha, kama utakuwa na nafasi, tone la dume huyohuyo litakuwa linakusubiri chumba cha kuhesabia. Kiti tumekishusha kidogo, kwa kuwa tuliambiwa mgongo wako unakusumbua. Majibu yakifanana, tutapiga makofi. Yasipofanana, tutakuomba ukae nasi kidogo, tuhesabu tena pamoja.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na awape njia salama wote wanaotembea wakimwamini mbwa aliye mbele yao.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Uzazi,
Kituo cha Mbwa Waongoza Wasioona.